Santuri za Mke wa Robo

Benchi letu liko kati ya kibanda changu cha viatu na kibanda cha Wembe, kinyozi, na mgongo wake umeegemea ukuta wa duka la Mawimbi, fundi redio, kwa hiyo ukitaka kuongea siri hapo ujue umeshawaambia mafundi watatu. Mimi wananiita Soli. Mbele yetu hukaa Bi Birika na jiko lake la mkaa, na sheria ya kijiwe ameitunga yeye: anayekaa anakunywa, anayebisha anakunywa mara mbili. Ndiyo maana mama huyu amejenga. Jana alasiri tulikuwa tumetulia, tunabishana taratibu kama watu wazima, mara akatokea Robo, fundi saa, amekumbatia mfuko wa kitambaa kifuani kama mtu anayekimbiza mgonjwa. Tunamwita Robo kwa sababu ukimuuliza saa ngapi, hata iwe saa sita kamili, atakwambia kasorobo. Safari hii hakusalimia, na mtu mzima asiposalimia, kuna jambo.

— Bi Birika, nipe kahawa chungu, akasema.

— Zote chungu hapa. Kaa.

Akakaa. Akafungua mfuko, akatoa santuri, zile ndogo za wimbo mmoja kila upande, akazipanga juu ya benchi moja baada ya nyingine. Majalada yalikuwa yamepauka lakini hayana hata mkunjo. Na kwenye kila jalada alikuwepo yule mtoto, kanyoa kiduku, shati jeupe, meno yote nje.

— Kinda Chiriku! Wembe aliruka na mkasi mkononi. Mwana hizaya huyu! Bado yupo?

Kwa asiyejua nimweleze. Kinda Chiriku alikuwa na miaka kumi na mitano wakati sisi nasi tuna umri huohuo, na alipotoa wimbo wake wa kwanza mabinti wa mji mzima walipata wazimu. Sisi tuliobaki tukawa hatuna thamani hata ya kutumwa dukani. Mimi nilinunua shati jeupe kama lake, msichana niliyemtaka akanitazama akasema, "Limekupwaya." Neno hilo limekaa hapa rohoni mpaka leo, na nywele zimeshaniota mvi.

— Umezitoa wapi hizi? nikamuuliza Robo.

— Chini ya kitanda changu.

— Zako?

— Za mama watoto.

Bi Birika akamwongezea kahawa bila kuombwa.

— Binti yetu wa mwisho si ameolewa juzijuzi, Robo akaendelea. Tumebaki wawili. Nikadhani sasa tutapumzika. Kumbe mwenzangu alikuwa anangoja watoto watoke tu. Akatoa gramafoni lake bovu huko lilikofichwa, akalipeleka kutengenezwa. Na aliyelitengeneza ni nyoka mmoja yuko hapahapa anakunywa kahawa na mimi.

Sote tukamgeukia Mawimbi.

— Mimi ni fundi, ndugu yangu, Mawimbi akajitetea. Shemeji kaja na kitu kibovu, kaondoka na kitu kizima. Ningemuuliza anataka kumsikiliza nani?

— Ungeniambia!

— Wewe wanawake wangapi wanakuletea saa? Umewahi kuwaambia waume zao wanawahi wapi?

— Sikilizeni, Robo akasema, sauti imeanza kukwaruza. Kila siku jioni anaingia jikoni, anafunga mlango, anaweka santuri. Naweka sikio mlangoni, nasikia hiki kishenzi kinambembeleza mke wangu. Geuka nikuone, geuka nikuone. Hapohapo naondoka mlangoni. Mke wangu ageuke amuone nani?

— Robo, hicho kishenzi kina miaka kumi na mitano.

— Kwenye picha! Sasa hivi ni jibaba kama wewe!

Wembe akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu mwenye busara nyingi.

— Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Maana yake mkeo anatoka taratibu ili usimshtukie.

— Haina maana hiyo, nikasema.

— Wewe shona viatu, Soli. Methali niachie mimi. Huyu mtoto namjua ubaya wake. Mimi nilikuwa na mchumba. Siku Chiriku alipoimba kwenye uwanja wa michezo, mchumba wangu akaenda na dada zake. Aliporudi nikamwambia habari za jioni, akaniambia, "Na wewe huwa unaongea kwa pua?" Pua hii hii aliyokuwa anaisifia! Yakaisha.

— Lakini kweli unaongea kwa pua, Mawimbi akasema.

— Mara mbili! Bi Birika akamwekea kikombe cha pili. Umebisha.

Mawimbi akanywa, akachukua santuri moja kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga. Hapo nikajua mambo yanaharibika. Fundi yeyote akianza kutumia utaalamu wake kwenye ndoa ya mtu, ndoa hiyo haina muda.

— Kwani nyumbani kwako hamkuwa na redio siku zote hizo? akauliza huku akiikodolea macho.

— Redio ya nini? Robo akashangaa. Kazi yangu mimi ni ya masikio. Mnadhani saa inatazamwa? Saa inasikilizwa. Nafanyia kazi nyumbani, pale dirishani, naweka saa sikioni, lazima nisikie inakohoa wapi. Siku naposa nilimwambia mbele ya wazee: mimi sina masharti mengi, nataka nyumba ya kimya. Akanitazama kidogo, akasema sawa. Na hakika kanitunzia. Nyumba yangu ukiingia unasikia saa tu. Hata watoto wangu walikuwa wakilia, wanalia kwa adabu.

Tulicheka mpaka Wembe akamwaga kahawa. "Wanalia kwa adabu!" Bi Birika alirudia akijifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Robo, Mungu alikupa mke, ukamfanya maktaba."

— Ndiyo hivyo! Robo akasema, hakuona kichekesho. Mke niliyemjua mimi hapendi muziki. Sijawahi kumsikia hata akiimba wakati wa kupepeta mchele. Sasa huyu mtu anayejifungia na Chiriku ni nani?

— Ngoja, Mawimbi akasema. Ngoja, ngoja, ngoja.

Alikuwa ameshika "Geuka Nikuone", ameiinua mpaka puani.

— Hii imepigwa mpaka imeota mvi. Halafu si yote. Njooni muone. Huku mwanzo iko sawa, huku mwisho iko sawa, lakini hapa katikati sindano imelima shamba. Huyu mtu akifika hapa, anainua mkono wa sindano, anarudi nyuma. Anafika tena, anarudi. Palepale!

Robo alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini.

— Hapo anaimba nini?

Tukaanza kuimba ili tufike. Watu wazima watatu, mmoja kwa pua. "Geuka nikuone, jua linakwenda, geuka nikuone, mama anakuita..." Tukafika katikati, tukapotea, Wembe anadai hapo Chiriku anasema "moyo wangu utapasuka", mimi nakumbuka "moyo wangu unapasuka", Mawimbi anasema hapana moyo hapo, hapo kuna gitaa.

— Si mpige tu msikie, Bi Birika akasema. Duka hilo nyuma yenu limejaa gramafoni.

— Haipigwi! Robo akafoka. Sauti ya huyo mtu sitaki kuisikia, nimeisikia mlangoni inatosha. Naziuza. Asubuhi nimempigia simu mnunuzi wa vitu vya zamani, yuko njiani. Mama watoto ameaga anakwenda kwa dada yake, akirudi asikute hata moja.

— Unauza vitu vya shemeji bila yeye kujua?

— Vimekaa chini ya kitanda changu!

Kusema kweli hapo niliona amekosea, lakini nilikuwa namtazama Chiriku na shati lake jeupe, lisilompwaya, na moyoni nilikuwa upande wa Robo.

— Tatizo, Wembe akasema akiinama kwa sauti ya chini, ya chini iliyosikika mpaka ng'ambo ya barabara, ni kwamba umechelewa. Chiriku yupo mjini.

— Nani kasema?

— Mimi nimemnyoa! Yule msoma mita za maji. Hamjamwona? Anatembea anapiga mluzi. Mtu mzima, mtumishi, mluzi wa nini? Na ana baka hapa shavuni. Tazama picha. Baka hili hapa!

Tukainama. Kweli, kwenye shavu la Chiriku palikuwa na baka jeusi. Robo akashika benchi kwa mikono miwili.

— Msoma mita, akanong'ona. Kila mwezi anaingia uani kwangu.

— Mnasema baka gani? Bi Birika akauliza, akapitisha kidole juu ya jalada. Baka likaja na kidole. Kahawa hii, Wembe. Umeimwaga wewe mwenyewe ulipokuwa unacheka.

— Hata kama, Wembe akasema. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nimeona mawingu kabla ya kahawa.

Mawimbi alikuwa anazipanga zile santuri upya, anazihamisha hamisha kama karata, midomo inacheza.

— Jamani, akasema. Somani majina. Kwa utaratibu huu.

Nikasoma kwa sauti: "Mlango wa Uani". "Jumamosi Haifiki". "Viatu Vyako Vyeupe". "Geuka Nikuone". "Kesho Tena".

— Huo si muziki, Mawimbi akasema. Hiyo ni miadi. Pita mlango wa uani, siku ya Jumamosi, vaa viatu vyeupe, geuka nikuone. Na kesho tena!

Nawaambia, nywele zilinisimama. Nilijua ni upuuzi, na zilisimama vilevile.

— Tena zipo nyimbo zake mbili kubwa hazimo humu, Wembe akadakia, moto umemwingia. "Nitakua Lini" iko wapi? Ndiyo iliyovuma kuliko zote! "Barua Bila Jina" iko wapi? Kwa nini hazimo? Nitakua lini — ameshakua! Barua ya nini — wanaonana!

— Alivaa vyeupe siku ya posa, Robo akasema polepole. Viatu. Vyeupe.

— Mwaka ule mji mzima ulivaa vyeupe, nikasema. Marehemu baba alinifundishia kazi kwa viatu vyeupe vitupu, mpaka leo naota chaki ya kuvipaka.

Hakunisikia.

— Leo siku gani? akauliza.

Wembe akaanza kufuta mkasi wake.

— Leo siku gani, Soli?

— Jumamosi.

Robo akasimama. Kama dada wa mkewe angekuwa anakaa karibu, angekwenda kuvunja mlango wa watu. Na wakati huohuo mtu mmoja mgeni akasimama mbele yetu, wa makamo, amevaa miwani, ana begi la ngozi ambalo kamba yake nilitamani kuishona hapohapo.

— Habari za hapa, ndugu zangu. Nimepigiwa simu na mwenye santuri.

— Chukua zote, Robo akasema. Usiniulize bei, nipe unachotaka uondoke nazo.

Mnunuzi akachuchumaa. Akatazama majalada bila kuyagusa, moja moja, na nikaona pumzi inambadilika.

— Nani amezikusanya hizi?

— Kwani vipi?

— Nauliza tu. Lazima nizisikie kwanza. Sinunui kitu sijakisikia.

— Sikilizia mbali huko.

— Sasa nikiwa nazo mbali, wewe utajuaje kama nitarudi na pesa yako?

Mawimbi akaleta gramafoni, akavuta waya mrefu kutoka dukani, akaliweka juu ya kigoda changu cha kazi. Robo akageuza mgongo, akaziba sikio moja. Moja tu, nilimwona.

Mnunuzi akaweka "Geuka Nikuone". Likaja gitaa, kisha Kinda Chiriku mwenyewe. Na mimi niliyemchukia maisha yangu yote nikapigwa na butwaa. Kasauti kembamba, kametoka jasho, kanatafuta noti kama mtu anayetafuta funguo gizani. Huyu ndiye aliyenifanya nilale njaa? Nilimtazama Wembe, naye ananitazama, na nadhani kila mmoja alikuwa anamfikiria msichana aliyempoteza.

"Geuka nikuone," Chiriku akaomba.

"Ng'o!" ikajibu sauti ya msichana. "Sigeuki, ng'o!"

Ilikuja juu, ikacheka ikiwa juu hukohuko, ikashuka taratibu kama haina haraka na mtu. Halafu Chiriku akarudi na kuomba kwake, na barabara ikawa kama imefifia.

Mnunuzi akainua sindano.

— Hapa, akasema. Mwenye hizi santuri alikuwa anarudia hapa. Huyu binti anayeitikia ni nani?

Tukatazamana. Alasiri nzima tumeuimba wimbo ule, tumebishana moyo unapasuka au utapasuka, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo kuitikia. Tulikuwa tumesahau kwamba kuna mtu anajibu.

— Hawakuandika jina lake popote, mnunuzi akaendelea. Majalada yote ni Chiriku, Chiriku. Wenzangu na mimi tumemtafuta miaka. Hizi tano ndizo alizoitikia. Zile mbili kubwa za mwisho yumo mwingine, na huyo mwingine hamfikii hata kisigino. Sijawahi kukuta mtu amekusanya hizi tano tu, akaacha zile mbili. Ndiyo maana nauliza.

Akarudisha sindano.

"Ng'o! Sigeuki, ng'o!"

Mkono wa Bi Birika ukasimama na birika hewani. Wembe akanishika goti. Hiyo ng'o sote tunaijua. Kila tukienda kumgongea Robo kabla hajala, tukasema, "Shemeji, tunamuazima mumeo kidogo," huwa inatoka jikoni ng'o hiyohiyo, kwa sauti ya chini kidogo isije ikafika dirishani penye saa, lakini hiyohiyo, na kacheko kake mwishoni.

Robo alikuwa ameshageuka.

— Rudia, akasema.

Mnunuzi akarudia.

— Rudia tena.

Mara ya tatu akakaa chini, si kwenye benchi, chini kabisa, karibu na kigoda, akapeleka sikio kwenye gramafoni kama anavyopelekea saa. Tukamwacha. Nilitamani mteja aje, nilitamani mvua, chochote.

— Huyo ni mama watoto, akasema.

— Mkeo? Mnunuzi alivua miwani kwa furaha. Huyu? Yupo? Jamani, ndugu yangu, una bahati gani wewe! Basi wewe ndiye wa kuniambia. Baada ya hizi tano hakuimba tena popote, si kwa Chiriku, si kwa mwingine yeyote. Sauti kama hii! Kwa nini aliacha?

Wembe akafungua mdomo kutoa methali. Akaufunga. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu zilikuwa zimemwishia. Jibu tulikuwa nalo sote, tulikuwa tumelicheka alasiri hiyohiyo mpaka kahawa ikamwagika, na hakuna aliyethubutu kulitamka.

— Wewe ulimsikia, Robo akaniambia. Ujana wako wote ulikuwa unamsikia.

— Nilimsikia, lakini sikujua ni...

— Wembe alimsikia. Mawimbi. Uwanja mzima wa michezo. Mchumba wa Wembe alimsikia!

Akatutazama mmoja mmoja, na wivu ule aliokuja nao haukuwa umekwisha. Ulikuwa umetugeukia sisi. Macho yake yaliniumiza, nikainamia kiatu cha mteja nikajifanya natafuta msumari.

— Sasa unaziuza? mnunuzi akauliza kwa upole.

Robo alianza kurudisha santuri kwenye jalada lake, na vidole vile vinavyookota skrubu ambazo sisi hatuzioni vikashindwa kupata mdomo wa karatasi, mpaka Bi Birika akaweka birika chini, akamshikia. Zote tano zikaingia mfukoni. Akasimama, akajikung'uta vumbi, akapiga hatua za kuelekea kwake, kisha akarudi.

— Nyinyi watu, akasema, na hakuwa anatania. Mtu akitaka kumwambia mke wake amwimbie, anaanzaje?

Sote tuna wake pale. Tukatazama chini, na hakuna aliyejua.